Mwanaume wa Kwenye Kitabu cha Léonie

"Huyu Fulgence ni nani?"

Ephraïm hakusalimu. Alisimama mlangoni kwa shangazi Denise, kule mtaa wa Bigo, kofia ya pikipiki bado kichwani, kidole amekichomeka katikati ya kitabu. Léonie alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Akacheka, maana alidhani mchumba wake amekuja kumsifu.

"Fulgence ni mutu wa kitabu, Ephra. Karibu kwanza. Toa ile kofia."

"Nakuuliza kwa kweli. Ni nani?"

Hapo ndipo Léonie alipoweka ungo chini.

Sasa, kabla hamjamhukumu mtu, mnisikilize. Kitabu hicho Léonie alikiandika akiwa mwalimu wa sekondari, kati ya kusahihisha kazi za wanafunzi na kuteka maji. Kilichapwa Kampala, na boksi likafika Bunia kwa basi Jumanne. Nakala ya kwanza kutoka kwenye boksi alimpa Ephraïm, kabla hata ya shangazi yake. Jumamosi ile kilikuwa kizinduliwe kwenye ukumbi wa parokia, na Jumamosi ya kufuata wazee wa Ephraïm walikuwa walete mahari. Ephraïm mwenyewe ni daktari wa mifugo, kijana mpole, anaweza kutuliza fahali kwa kumkuna nyuma ya sikio. Kuhusu mioyo ya wanawake sitasema kitu, mtajionea.

Kitabu kinaitwa *Siku Nilikataa Maziwa*. Kinasimulia msichana wa watu wa ng'ombe, upande wa Bule, anayempenda Fulgence, fundi wa mitumbwi kutoka Tchomia, kando ya ziwa. Fulgence anapanda sokoni kila siku ya tano ya juma, yaani Ijumaa, na samaki wa moshi amewafunga kwenye jani la mgomba. Lakini kwa wazee wa msichana, maziwa na samaki havikutani tumboni siku moja, eti ng'ombe atakauka. Basi kila siku ya soko msichana anakataa maziwa tangu asubuhi, ili jioni ale samaki wa mpenzi wake bila kuwakosea ng'ombe wa baba yake.

"Weye uko mutu wa Tchomia," Ephraïm alisema. "Fabien iko fundi wa mitumbwi, kule kule Tchomia. Alitakaka kukuoa. Usifikiri nilisahau."

"Fabien iko na bibi na watoto. Na musichana wa kitabu iko wa watu wa ng'ombe. Mie baba yangu alikuwa anakausha samaki. Ng'ombe ningetoa wapi?"

"Siye wote tunajua waandishi munabadilishaka nguo tu. Mutu anabaki ule ule." Alifungua kitabu akakifunga tena. "Siku ya kwanza nilikupeleka kwetu, mama alikupatia maziwa. Ulifanya nini?"

"Nilikataa."

"Ulikataa, mbele ya baba mudogo Honoré. Nilifikiri ni haya."

"Ephra, asubui ile nilikuwa nimekula samaki hapa kwa shangazi. Niliheshimu ng'ombe zenu. Ningekunywa, ungefurahi?"

Alitaka kulegea, ilionekana. Lakini wivu ukishaingia kwa mtu mpole, unakaa kama mgeni aliyeleta godoro lake.

"Musichana anaenda njia nzima akinusa vidole vyake, ili harufu ya moshi isitoke mbio," alisema, sauti chini. "Ile mutu hawezi kubuni, Léonie. Mutu alikuambia, ama ni weye."

"Mutu aliniambia."

"Nani?"

"Niliahidi sitasema."

"Hata mie?"

"Zaidi weye."

Neno lilishatoka. Léonie aliliona likienda na hakuwa na namna ya kulirudisha. Ephraïm akaweka kitabu juu ya kiti cha plastiki, akatoka. Pikipiki iliwaka kwa shida, ikawaka, ikaenda. Mbwa wa jirani alibweka mpaka akachoka.

Jioni simu ikalia ting.

"Leonie, sina kasirani. Lakini siwezi tuma wazee kwenu wakati mutu mwingine ameshakaa ndani ya nyumba kabla yangu. Nipatie jina yake kabla ya kitabu kuzinduliwa. Kama hapana, nitaambia baba mudogo asimamishe mambo ya mahari."

Aliandika, akafuta. Akaandika tena.

"Siwezi. Unisamehe. Nakupenda na siwezi."

Alama mbili za buluu zilitokea. Jibu halikuja.

Shangazi Denise, aliyekuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta wa mbao, alileta chai akakaa karibu naye.

"Mutoto, sema tu jina. Jina ni kitu gani?"

"Heri kujikwaa kidole, shangazi."

"Najua, kuliko ulimi. Lakini kidole yako inatoa damu."

*

Mwenye hadithi alikuwa Mama Elisabeth. Ndiyo, mama yake Ephraïm.

Mwaka uliopita mama huyo alipasuliwa tumbo, na Ephraïm alikuwa mbali, Mahagi, anachanja ng'ombe. Léonie ndiye aliyekaa naye hospitali, akimwosha, akimgeuza, akilala kwenye mkeka chini ya kitanda. Siku moja alimletea maziwa ya moto kwenye termosi.

"Leo hapana, mutoto yangu," Mama Elisabeth alisema. "Leo ni siku ya tano."

"Najua, mama, uko kwa maombi ya kufunga. Lakini daktari anasema upate nguvu."

Mama alisukuma termosi kando.

"Haiko maombi," akasema.

Na akasimulia yote, kwa sauti ya mtu asiyejua kama atatoka pale. Soko la Bule, jani la mgomba, vidole. Namna wazee wake walivyopokea ng'ombe za watu wengine. Namna kijana wa Tchomia alivyovuka ziwa na hakurudi tena. Léonie alilia kuliko mgonjwa.

"Naweza kuiandika, mama?"

"Andika. Vile itabaki mahali fulani nikikufa. Lakini jina yangu hapana. Usiambie mutu, hata Ephra. Zaidi Ephra."

Mnaona sasa neno lile lilitoka wapi.

*

Ijumaa Léonie alishindwa kuvumilia. Alipanda pikipiki mpaka kwa Mama Elisabeth, akijisemea njiani: nitamwomba tu aniachilie, ni mama, ataelewa. Akakuta baba mdogo Honoré ameshakaa sebuleni, koti limening'inia kwenye kiti, anapanga mambo ya mahari kwa furaha. Ephraïm alikuwa bado hajamwambia neno. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vya maziwa, kimoja kitupu, kingine kimejaa mpaka juu, hakijaguswa.

"Mukwe wetu," Honoré alisema. "Kuya, kaa. Unaona huyu Elisabeth na maombi yake ya siku ya tano? Miaka yote. Ningekuwa Mungu ningeshamujibu ili anyamaze."

"Acha Mungu, Honoré," Mama Elisabeth alisema.

"Nasema tu. Siye kwetu hatufichane kitu. Ndugu yangu Augustin, Mungu amuweke vizuri, aliingiza mwanamuke safi kwa ile nyumba. Na mutoto wake anafuata njia ile ile."

Léonie alikunywa maji akaaga. Mama alimsindikiza mpaka getini, amemshika mkono, na hapo walikuwa wawili tu. Maneno yalikuwa yamemfika mdomoni.

"Mama, nilikuwa nataka..."

"Kitabu ilifika?"

"Ilifika."

"Hakuna mutu anajua?"

Léonie aliutazama uso ule, namna ulivyokuwa unangoja.

"Hakuna, mama."

"Asanti." Mama alitazama nyuma, kule sebuleni. "Ulimusikia Honoré. Akijua, atasema niliingia kwa ndugu yake na mwanaume mwingine moyoni. Na Ephra, alimupenda sana baba yake. Atafikiri baba aliishi na mwanamuke wa bure. Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

"Kukualika tu kesho. Ukae mbele."

Akaenda kwa miguu mpaka Bigo, analia waziwazi, na vumbi la barabara likamfanya aonekane kama mtu aliyepakwa udongo. Alikuwa ameshachagua. Mtu aliyemwamini akiwa kitandani hatamuuza ili apate bwana. Lakini mwacheni alie, maana kufanya vizuri hakuzuii kuumia.

*

Jumamosi ukumbi wa parokia ulijaa. Wanafunzi wake walikuja na sare, walimu wenzake, mapadri wawili, na watu wa Tchomia waliokimbilia Bunia na kubaki. Mama Elisabeth alikaa mbele, kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amemlazimisha Ephraïm kumleta, na Ephraïm alikaa kando yake akiangalia viatu. Honoré alikaa upande mwingine na koti lake.

Léonie alisoma ukurasa wa mwisho, kama desturi. Msichana wa kitabu amekuwa mwanamke wa nyumba, ana watoto, na kila siku ya soko bado anakataa maziwa. Bwana wake anazeeka, anaugua, anakufa, na hajawahi kujua sababu. Mwanamke anabaki na kikombe chake. Kitabu kimeisha. Watu walipiga makofi, kina mama wengine walikuwa wanapangusa macho kwa vikwembe vyao vya kitenge.

Kisha maswali. Mwalimu mwenzake mmoja, mtu wa mizaha ambayo haichekeshi, akasimama.

"Madame Léonie, mutaani wanasema huyu Fulgence iko mutu wa kweli, na weye unamujua vizuri sana. Tupatie jina, tufurahi wote."

Watu wakacheka. Ephraïm hakucheka.

"Mwanaume akiandika mapenzi," Léonie alisema, "munasema iko na akili. Mwanamuke akiandika, munatafuta alilala wapi."

Kina mama wakapiga vigelegele. Yeye hakutabasamu.

"Lakini nitakujibu. Hii hadithi nilipewa. Mutu aliniamini, akaniwekea mambo ya maisha yake kwa mikono. Jina yake sitasema. Kuisema ni rahisi, na kutoisema kunanikosesha kitu napenda kuliko hii kitabu. Lakini sitasema."

Alitaka kuangalia dirishani, macho yakaenda yenyewe kwa Ephraïm. Mama Elisabeth aliyafuata yale macho. Akamgeukia mwanawe.

"Anakukosa weye?"

Ephraïm alirudisha macho kwenye viatu.

"Ephraïm, nakuuliza. Ulimufanya nini huyu mutoto?"

"Nilimuomba jina," alisema polepole. "Nilisema kama hapana, nitasimamisha mahari."

"Lini?"

"Tangu siku ya pili, siku ile ile kitabu ilifika."

Mama alikumbuka geti la jana, mkono alioushika, na maneno yaliyoanza yakakatika. Akasimama. Mtu alimletea kipaza sauti, akakikataa kwa kiganja.

"Mwisho wa hii kitabu iko na kosa," alisema.

Léonie alitikisa kichwa kumwambia hapana, mama, acha.

"Elisabeth, kaa," Honoré alinong'ona.

"Nilikaa miaka yote, shemeji. Leo wacha nisimame." Akavuta kikwembe vizuri kiunoni. "Musichana wa Bule ni mie. Ni mie nilikuwa nakataa maziwa. Fulgence haiko jina yake, na ile ya kweli nitazikwa nayo. Alivuka ziwa, hakurudia. Mie niliolewa kwa Augustin, munamujua wengi. Siku za tano nilikuwa nadanganya watu niko kwa maombi. Padri, unisamehe."

Padri aliinamisha kichwa, pengine kuficha kicheko.

"Sasa kosa iko wapi? Léonie aliandika bwana alikufa bila kujua. Ni mie sikumuambia ile, ju ile niliificha zaidi ya zote. Augustin alijua."

Honoré aligeuka kwenye kiti kumtazama.

"Juma ya kwanza ya ndoa, siku ya tano, mama mukwe aliniletea maziwa mbele ya watu wote. Niliishika tu, sikuinua. Augustin alichukua ile kikombe kwa mikono yangu, akakunywa yeye, yote. Akasema, huyu leo hanywi. Mama yake akauliza, ju ya nini? Akasema, sikumuuliza. Na tangu siku ile mpaka kufa kwake hakuniuliza. Kila siku ya tano alikuwa anachukua kikombe yangu anakunywa."

Akamgeukia Honoré.

"Ule wa Tchomia nilimupenda mbio. Augustin nilimupenda polepole, na ile ya polepole ndiyo haikuisha."

Mwanamke mmoja wa Tchomia akauliza kutoka nyuma, kwa upole:

"Mama, kama ulimupenda bwana yako, ju ya nini uliendelea kukataa maziwa?"

Mama Elisabeth alitabasamu kama msichana.

"Kwanza ilikuwa ju ya ule wa ziwa. Nyuma ilikuwa ju ya Augustin. Nilikuwa napenda kuona vile anachukua kikombe yangu." Akaangalia mikono yake. "Sasa inabakiaka pale mezani. Hakuna mutu anaichukua."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wanalia, hata yule mwalimu wa mizaha. Honoré ndiye aliyesimama, mzito, na watu wakashika roho. Alimkaribia shemeji yake, akatoa leso mfukoni, akampa, kisha akaikumbuka na kuichukua tena kupangusa macho yake mwenyewe kwanza.

"Alikuwa mutu wa namna ile, ndugu yangu," alisema. "Mie ningeuliza."

*

Ephraïm alimkuta Léonie nyuma ya ukumbi, karibu na matangi ya maji. Alikuwa amebeba kile kitabu alichokuwa amekiacha kwenye kiti; shangazi Denise ndiye aliyekileta ukumbini.

"Nilikuwa namuona," alisema. "Nikiwa mutoto. Siku ya tano baba alikuwa anakunywa vikombe viwili. Nilifikiri ni ulafi."

Léonie alitaka kubaki na hasira kidogo zaidi, ilikuwa haki yake. Kicheko kikamponyoka.

"Baba yako hakuuliza," alisema.

"Mie niliuliza."

"Uliuliza mbele ya shangazi na mbwa ya jirani."

"Najua." Alikuwa anageuza kitabu mikononi kama mtu anayetafuta mlango wake. "Ulikuwa unaweza kuniambia jana, ningekuja mbio. Ukachagua mama yangu. Nilikutisha na mahari, na weye ukachunga mama yangu. Léonie, sijue niseme nini. Nimekukosea. Nakupenda na nimekukosea."

"Nililia njia nzima, Ephra. Vumbi lilinikaa usoni."

"Unisamehe."

Alimwacha asimame pale kidogo, kwa faida yake. Kisha akampangusa jasho kwenye paji la uso kwa ncha ya kikwembe.

"Kwanza maliza kusoma."

"Mama anasema mwisho iko na kosa."

"Nitaiandika tena. Sasa niko na mwisho mwema."

*

Mahari ilienda kama ilivyopangwa, na arusi ikafuata wakati wa mvua za kwanza. Ndugu za Léonie walitoka Tchomia na kapu zima la samaki wa moshi, na tangu alfajiri nyumba ya shangazi Denise ilinukia mpaka barabarani. Alasiri bibi arusi alipelekwa kwa Mama Elisabeth. Kwa ukoo wao, mke mpya hapokelewi kwa maneno, anapokelewa kwa kikombe cha maziwa, na lazima anywe wote wakimwona.

Baba mdogo Honoré mwenyewe alikileta, kwa mikono miwili, kimejaa mpaka juu. Léonie alinyoosha mikono, na kabla haijafika, Ephraïm alikuwa ameshakichukua. Alikunywa bila kupumzika, akapangusa mdomo, akarudisha kikombe kitupu kwenye sahani.

"Huyu leo hanywi," alisema.

Honoré alinusa harufu ya moshi chumbani, akamtazama mkwe wake, akamtazama kijana.

"Alikula samaki?"

"Sikumuuliza, baba mudogo."

Mama Elisabeth alifunika uso kwa kikwembe, mabega yakitikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

Na Léonie, ambaye tangu asubuhi kwa woga wa arusi hakuwa ameonja samaki wala kitu chochote, na aliyekuwa na kiu ya yale maziwa kwelikweli, alishika mkono wa bwana wake na hakusema neno.